Subira ya mashabiki ipo, hatari iko kwa mwenye timu

KILA mwaka ifikapo Julai, muuza jezi wa stendi ya Kinyerezi hutakiwa kuamua jambo moja kabla mpira wenyewe haujaanza kuchezwa. Jezi mpya za Simba na Yanga zinakaribia kutoka, Wiki ya Mwananchi na Simba Day ziko mlangoni, na mwenye duka la jumla Kariakoo anataka kujua mzigo kiasi gani auweke pembeni. Akichukua nyingi za timu moja na timu hiyo ikaanza msimu vibaya, Desemba zitakuwa bado zinaning'inia kwenye kamba. Akichukua chache na timu ikaanza kushinda, wateja watapanda daladala hadi Kariakoo na fedha zao. Na jezi si mchele. Msimu mpya ukiingia, jezi ya mwaka jana hushuka bei hata kama haijavaliwa na mtu.

Uamuzi huo ni uwekezaji katika timu ya mpira, ingawa anayeufanya hana hisa wala kadi ya uanachama. Wamo pia wenye mabanda ya kuonyeshea mpira, vibanda umiza, wanaolipia king'amuzi kila mwezi. Wauza chipsi na vinywaji. Na madereva wanaopakia mashabiki kutoka Kinyerezi kupitia Tabata na Buguruni kwenda Uwanja wa Mkapa. Wote hao wana maswali mawili yanayofanana. Timu ikiwa inajengwa upya, mashabiki watavumilia kwa muda gani? Na yule anayetoa fedha za kuijenga, atakuwepo kwa muda gani?

Wafanyabiashara wengi huhofia swali la kwanza. Mwenendo wa klabu hizo mbili kubwa tangu mwaka 2012 unaonyesha kwamba linalostahili kuhofiwa zaidi ni la pili.

Miaka mitano ya Msimbazi

Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0 na kumaliza msimu ikiwa bingwa wa Bara. Hakuna aliyetoka uwanjani siku ile akidhani kwamba kombe hilo lingekuwa la mwisho kwa muda mrefu. Msimu uliofuata Simba ilimaliza ya tatu. Msimu wa 2013/14 ilikuwa ya nne, nyuma ya Azam, Yanga na Mbeya City iliyokuwa imepanda daraja msimu huohuo. Kisha ikawa ya tatu mara mbili mfululizo. Msimu wa 2016/17 ililingana na Yanga kwa pointi 68 na kukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Jumla ni misimu mitano bila ubingwa wa ligi, kwa klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 na isiyozoea kusubiri.

Katika kipindi hicho klabu ilijaribu kuishi kwa kuuza wachezaji, na humo pia kuna funzo la biashara. Januari 2013 Emmanuel Okwi aliuzwa kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 za Marekani. Mali iliondoka, fedha hazikuja kwa wakati, na deni hilo likageuka suala la FIFA. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kutoa mzigo kwa mali kauli na kuanza kumfuatilia mdaiwa anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Je, mashabiki waliondoka? Hawakuondoka. Waliwapigia kelele viongozi, waliwafukuza makocha kwa midomo kabla kamati haijawafukuza kwa barua, lakini hawakuhamia Yanga wala Azam. Oktoba 2013 Simba ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma kwa mabao matatu mbele ya Yanga na kurudi kusawazisha 3-3. Sare hiyo iliwalisha mashabiki wake maneno ya vijiweni kwa miezi. Timu inayojengwa upya huhitaji siku kama hizo. Kombe halipo, lakini kuna kitu cha kumwambia mtani Jumatatu asubuhi.

Mwaka 2017 Simba ilichukua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Mbao 2-1 mjini Dodoma, ikapata tiketi ya kurudi katika mashindano ya Afrika, kisha ikaingia sokoni kwa fujo. Okwi alirudishwa. John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni walitolewa Azam, na Haruna Niyonzima akatolewa Yanga kwenyewe. Okwi alifunga mabao 20 katika ligi, Simba ikawa bingwa, na ikabaki bingwa kwa misimu minne mfululizo hadi 2020/21.

Bakuli la Jangwani

Upande wa pili wa mtaa mambo yalikwenda kinyume. Yanga ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017, chini ya mwenyekiti Yusuf Manji, mfanyabiashara aliyekuwa ameibeba klabu hiyo kifedha kwa miaka kadhaa. Mei 2017 Manji alijiuzulu. Hakuna mchezaji aliyevunjika mguu wala mashabiki waliosusa uwanja. Mtu mmoja aliondoka, na ndani ya msimu mmoja bingwa wa nchi akawa wa tatu.

Mishahara ilichelewa, wachezaji wakagoma, wengine wakaondoka. Mkataba wa udhamini wa kampuni ya kubahatisha ya SportPesa, uliosainiwa mwezi huohuo wa Mei 2017 kwa zaidi ya Sh 5 bilioni kwa miaka mitano, uliizuia klabu isizame kabisa, lakini wastani wa bilioni moja kwa mwaka haukutosha kulipa kikosi kilichozoea mkono wa tajiri. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, alisimama hadharani kuhamasisha michango ya mashabiki. Bakuli likatembezwa, na watani wa Msimbazi wakapata neno la kuchekea. Mwaka 2019 ilifanyika hafla ya Kubwa Kuliko kuchangisha fedha za usajili. Timu ile ya bakuli ilimaliza ya pili.

Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa subira. Mteja ambaye bidhaa yake imeharibika hakudai kurudishiwa fedha, bali aliongeza nyingine. Yanga ilikaa misimu minne bila ubingwa wa ligi, kampuni ya GSM ikaingia kama mfadhili na kuongeza mkono wake mwaka hadi mwaka, na msimu wa 2021/22 klabu ikawa bingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Mwendo huo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa ulikatwa na Ihefu, Novemba 2022. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kulikosa mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini tu, ikilipwa dola milioni moja kama mshindi wa pili. Ubingwa wa ligi ilibaki nao hadi 2024/25.

Subira isihesabiwe kama mauzo

Hapa ndipo baadhi ya wafanyabiashara wadogo hukosea hesabu. Shabiki wa Simba aliyevumilia miaka mitano hakuacha kuwa Simba, lakini hakuendelea kutumia fedha zilezile. Moyo haukuhama, mfuko ndio ulipungua. Timu ikisuasua, shabiki wa Kinyerezi huacha kwanza safari ya uwanjani, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio na chakula huzidi bei ya kiti cha kibanda umiza. Baadaye huacha jezi mpya, akavaa ya mwaka juzi. Cha mwisho kabisa kuachwa ni kutazama, na hata hapo hugeuka kuwa mtazamaji wa michezo ya watani ili aone wakifungwa.

Kwa hiyo miaka ya ujenzi huathiri biashara kwa zamu. Mwenye basi huumia mapema, muuza jezi hufuata, na mwenye banda huumia kidogo zaidi kuliko wote. Pengine wapo wenye mabanda ambao miaka mibaya ya timu kubwa moja iliwajazia watu kuliko mizuri, maana kero ya mmoja ni burudani ya mwenzake, na kiingilio cha anayekuja kucheka ni kilekile.

Ujenzi wa huko na wa hapa

Neno "kujenga upya" limeletwa katika mazungumzo ya mpira wetu kutoka nchi ambazo ligi zao zimepangwa tofauti kabisa. Katika ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, timu haishuki daraja. Inayomaliza mkiani hupewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya wenye vipaji. Kushindwa kuna malipo yake, na ndiyo maana mwenye timu anaweza kuwaambia mashabiki wavumilie miaka mitatu ya vipigo akiwa na hesabu kamili kichwani.

Ligi Kuu yetu haina huruma hiyo. Kati ya timu 16, mbili za mwisho hushuka, na mbili zilizo juu yao hucheza michezo ya mtoano kuokoa roho. Inayoshuka hupoteza pia fungu lake katika mkataba wa matangazo wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021, wenye thamani ya Sh 225.6 bilioni kwa miaka kumi. Kwa timu kubwa, kukosa nafasi za juu ni kukosa Afrika, ambako tangu msimu wa 2022/23 robo fainali ya Ligi ya Mabingwa hulipwa si chini ya dola 900,000. Ujenzi wa hapa lazima ufanyike huku duka likiwa wazi na wateja wamo ndani.

Hata hivyo, katika jambo moja hoki hiyo ya barafu inatufundisha vizuri, nalo ni la umiliki. Mji wa Quebec nchini Canada ulikuwa na timu iliyoitwa Nordiques. Ilishindwa vibaya kiasi cha kupata nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana mwaka 1989, 1990 na 1991. Mashabiki walivumilia, vijana wakakomaa, timu ikaanza kushinda. Mwaka 1995 wenye timu waliiuza kwa kampuni ya Marekani, ikahamishiwa Denver na kupewa jina la Colorado Avalanche. Juni 1996, mwaka mmoja tu baadaye, ikatwaa ubingwa. Watu wa Quebec walilipa gharama zote za subira, faida ikavunwa na mji mwingine.

Mfano wa kinyume ni wa Pittsburgh. Klabu ya Penguins ilifilisika mwaka 1998 ikiwa inadaiwa na wengi, akiwamo mchezaji wake nyota wa zamani, Mario Lemieux, aliyekuwa anaidai takriban dola milioni 32 za mishahara. Badala ya kugawana mbao za meli iliyovunjika, Lemieux aligeuza sehemu ya deni kuwa hisa na mwaka 1999 akawa miongoni mwa wenye timu. Mdai akabaki. Mwaka 2009 klabu hiyo ikawa bingwa.

Nani mwenye timu?

Anayedhani kisa cha Quebec hakiwezi kutokea hapa aangalie jina la Ihefu. Timu hiyo ya Mbarali, mkoani Mbeya, ndiyo iliyokata mwendo wa Yanga mwaka 2022. Mwaka 2024 ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Kabla ya hapo, timu iliyoanzia Dar es Salaam kwa jina la DTB ilikuwa imekwisha kuwa Singida Big Stars, halafu Singida Fountain Gate, hatimaye Fountain Gate. Aliyechapisha fulana za Ihefu huko Mbarali, mzigo wake ulibaki wa kuchambia vyombo.

Temeke nayo ina hadithi yake. Mbagala Market ilikuwa timu ya mtaani. Mohammed Dewji aliichukua, ikabadilishwa jina kuwa African Lyon, na Mbwana Samatta akapita hapo kabla ya kwenda Simba na baadaye TP Mazembe. Dewji aliondoka, timu ikaingia mikono mingine, na katika misimu ya 2012/13, 2016/17 na 2018/19 ikashuka daraja mara tatu. Kipaji kilikuwepo, mtaa ulikuwepo, ila mfuko haukukaa.

Huko Shinyanga, Stand United iliyoanzishwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi ilifika Ligi Kuu na kupata mdhamini mkubwa wa sekta ya madini. Mwaka 2016 ukazuka mgogoro kati ya waliotaka timu ya wanachama na waliotaka timu ya kampuni, na mdhamini akajiondoa. Wazee wa Jangwani hawakushangaa. Wao walikwisha kupitia vita vya Yanga Asili na Yanga Kampuni miaka ya 1990 na kuendelea, ambapo swali lilikuwa hilohilo.

Tatizo lenyewe ni hili. Klabu zetu kubwa zilizaliwa kama vyama vya wanachama. Mfadhili anayeingia hutoa fedha bila kupata kitu kinachoandikika. Anapewa heshima, sauti na kiti cha mbele. Siku akichoka, au akipata matatizo yake, hana cha kuuza na klabu haina cha kumdai. Kwa lugha ya biashara, huo ni mtaji usio na mkataba, na hakuna benki inayokopesha kwa dhamana ya hisia za mtu.

Simba iliamua kulimaliza jambo hilo kwa hisa. Desemba 2017 mkutano wa wanachama ulimpitisha Dewji, huyohuyo wa Lyon, kuwa mwekezaji kwa ofa ya Sh 20 bilioni. Serikali, kupitia kanuni za Baraza la Michezo la Taifa, ikaweka ukomo: mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba bilioni 20 kwa asilimia 49 ni kuithamini klabu nzima kwa takriban Sh 40.8 bilioni, majengo ya Msimbazi na jina ndani yake. Wapo waliosema ni bei ya kutupa. Wengine walisema hakuna mwingine aliyeleta hundi. Kila upande ulikuwa na hoja.

Lakini kati ya kupitishwa na kulipa kuna safari. Suala lilikwenda Tume ya Ushindani, nyaraka zikazunguka, na hundi ya Sh 20 bilioni ilitangazwa kukabidhiwa Julai 2021, miaka mitatu na nusu baada ya mkutano. Miezi miwili baadaye Dewji aliacha uenyekiti wa bodi, na akarejea kwenye kiti hicho mwaka 2024. Katikati hapo Simba haikutwaa ubingwa wa ligi hata mara moja na ilipita kwa makocha wengi kuliko misimu: Pablo Franco, Zoran Maki aliyekaa miezi michache tu, Robertinho aliyeondolewa baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga Novemba 2023, kisha Benchikha. Haiwezekani kuthibitisha kwamba kiti kilipotetereka juu ndipo benchi lilipotetereka chini, ila tarehe zinakwenda pamoja.

Na bado subira ilikuwepo. Mwaka 2024 kikosi kilivunjwa na kujengwa upya chini ya Fadlu Davids, vijana wengi wasiofahamika wakaingia, na Mei 2025 Simba ilikuwa kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane. Ililikosa kombe kwa jumla ya mabao 3-1. Jean Charles Ahoua, mgeni wa msimu huo, alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Septemba 2025 Davids aliondoka kwenda Raja ya Morocco.

Yanga nayo ilibadili katiba Juni 2021 kwa mpangilio uleule wa 51 kwa 49, na Julai 2022 ikamchagua Hersi Said, aliyetokea GSM, kuwa rais. Mwekezaji anayetazama kwa makini ataona kwamba fedha na uongozi vimekaribiana kuliko wakati wa Manji, jambo linalopunguza hatari ya mfadhili kuzira, lakini linaongeza nyingine: mkono mmoja ukigusa vitu vingi. Mwishoni mwa 2021 GSM ilisaini kuwa mdhamini mwenza wa ligi nzima, Simba ikakataa kuvaa nembo yake, na Februari 2022 kampuni ikajitoa. Fedha ambazo zingefika hata kwa timu ndogo zilipotea kwa sababu ya swali la nani ni wa nani.

Azam FC iko upande mwingine kabisa wa mizani. Ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi, Temeke, wa watu wapatao 10,000, na ikawa bingwa 2013/14 bila kufungwa. Hapa hakuna anayeuliza mwenye timu ni nani. Mishahara hailetwi na bakuli. Lakini tangu ubingwa ule haijapata mwingine hadi msimu wa 2024/25, na kwa muuza jezi wa Kinyerezi si timu ya kuagizia marobota. Umiliki upo, umati haupo. Kinondoni kuna KMC, timu ya manispaa, iliyopanda mwaka 2018, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza na kucheza Afrika mwaka 2019. Mwenye timu hapo ni bajeti ya halmashauri, na bajeti ya umma ina vipaumbele vingi kabla ya mshambuliaji wa kati.

Hisa na mzigo

Kwa mwekezaji mdogo anayesubiri siku hisa za klabu zitakapouzwa kwa wananchi, yafaa kujua walichokutana nacho wengine. Borussia Dortmund ya Ujerumani iliuza hisa zake mwaka 2000 kwa euro 11 kila moja. Mwaka 2005 ilinusurika kufilisika, na huko pia kuna kanuni ya wanachama kubaki na sauti kubwa. Manchester United iliingia soko la New York mwaka 2012 kwa dola 14, lakini hisa za familia ya Glazer zina kura kumi kila moja na za umma kura moja. Mwenye hisa alipata karatasi, hakupata usukani. Waraka wa mauzo ukitoka siku moja hapa Dar es Salaam, kurasa za kusomwa kwanza ni zile zinazosema nani anateua wajumbe wa bodi, jina na nembo ni mali ya nani, na mwekezaji mkubwa akitaka kuondoka anamuuzia nani. Ukurasa wa picha za makombe unaweza kusubiri.

Kwa sasa hatari inayomfikia mtu wa Kinyerezi hupitia kwenye mzigo. Mwaka 2021 haki ya kutengeneza na kuuza jezi za Simba ilitolewa kwa Vunjabei kwa Sh 2 bilioni kwa miaka miwili. Mwaka 2025 ulitangazwa mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Jayrutty wa Sh 38 bilioni. Aliyelipa fedha hizo atazitafuta kwenye bei ya jezi, na bei ikipanda, muuzaji wa rejareja hufunga mtaji mkubwa zaidi katika idadi ileile ya jezi. Timu ikiyumba katikati ya msimu, anayepoteza wa kwanza si mwenye mkataba.

Machi 8, 2025 hilo lilionekana kwa saa chache. Mchezo wa watani ulikuwa upigwe Uwanja wa Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilisema haitacheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo, na siku yenyewe ya mchezo Bodi ya Ligi ikauahirisha. Mashabiki walikuwa wameshasafiri kutoka mikoani. Vyakula vilikuwa vimeshapikwa, mabasi yameshakodiwa, jezi na skafu zimeshatandazwa. Mchezo ulichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa, lakini nyama iliyonunuliwa kwa ajili ya Machi 8 haikungoja hadi Juni.

Wafanyabiashara wazoefu hugawa mzigo: sehemu kwa fedha taslimu, sehemu kwa mali kauli yenye ruhusa ya kurudisha, na hawamalizi kununua kabla dirisha la usajili halijafungwa na kocha hajajulikana. Wanaangalia pia habari zisizo za magoli, kama vile mishahara imelipwa lini, nani amejiuzulu kwenye bodi, na kama FIFA imefungia usajili kwa deni la mchezaji aliyeachwa. Habari hizo kwa kawaida hutangulia matokeo kwa wiki kadhaa.

Ama kwa anayetaka kununua karatasi badala ya jezi, kampuni zilizo nyuma ya timu hizi, yaani MeTL ya Dewji, GSM na Bakhresa, ni za watu binafsi na haziuzi hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Iliyo karibu zaidi na uwanja ni CRDB, ambayo hisa zake zipo sokoni na ambayo msimu wa 2023/24 ilianza kuweka jina lake kwenye Kombe la Shirikisho.